Hesabu za Virginia

Mwaka ule nilikuwa nafundisha historia ya Marekani darasa la nane, katika shule moja ya serikali huko Ohio. Darasani nilikuwa na Wasomali, Wanepali na vijana wachache wa Kikongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Tulikuwa tumefika kwenye katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, pale walipokubaliana kwamba, katika kugawia majimbo viti vya Bunge, kila mtumwa ahesabiwe kama sehemu tatu kati ya tano za mtu.

Kabla sijaeleza lolote nikawauliza: nani alitaka watumwa wahesabiwe wote kamili? Wakajibu kwa pamoja kwamba ni watu wa kaskazini, kwa sababu ndio waliochukia utumwa. Ukiwauliza watu wazima, wengi watakujibu vivyo hivyo.

Nikaandika ubaoni sensa ya 1790. Virginia, jimbo la kusini lenye watumwa: watu huru 454,983, watumwa 292,627. Kila watu 33,000, kiti kimoja cha Bunge, na masalio yanatupwa. Toeni kalkuleta.

Kwa watu huru peke yao, viti 13. Ukiongeza zile tatu kati ya tano, 19, na ndivyo Virginia ilivyopewa. Watumwa wakihesabiwa wote, 22.

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kipindi changu alikuwa anakifanya cha kulala, akapayuka: "Ina maana mwenye watumwa ndiye aliyetaka wahesabiwe wote?" Ndiye. Kaskazini walitaka wasihesabiwe hata mmoja. Nikawaonyesha pia kwamba viti hivyo viliingia kwenye kura za wajumbe wanaomchagua rais: mwaka 1800 Jefferson wa Virginia alimshinda Adams kwa 73 dhidi ya 65, na wapo wanahistoria wanaosema bila nyongeza ile Adams angebaki madarakani.

Ndipo kijana mmoja wa Nyarugusu akaniuliza kwa Kiswahili, kana kwamba tuko wawili tu: "Mwalimu, sisi kambini walituhesabu wote, hata mtoto mchanga, na mama akapewa unga wetu wote. Hawa nao, unga wao alikula nani?"

Nikamwomba awaambie wenzake kwa Kiingereza. Akakataa katakata, nikatafsiri mwenyewe. Wakaanza kubishana, Wasomali ndio usiseme, wengine wakitaka kujua wafungwa wa leo wanahesabiwa wapi na kama wanapiga kura. Somo la Seneti nililoliandaa usiku kucha nikalisogeza hadi Jumatatu.