Mipigo mitano mifupi

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, saa sita kamili, meli zilizokuwa Kilindini, bandari ya Mombasa, zilipiga honi kwa pamoja. Binti yangu akaruka kitandani na kukimbilia dirishani. Nilimvuta mkono kwa nguvu hata akalia, na sikuwa na la kumweleza. Alipotulia akaniuliza, honi ya meli ikilia vile, mlio wake Waingereza wanauitaje? Neno nalijua. Sikulitamka.

Ilikuwa Oktoba 1998. Baba alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa cheti cha unahodha. Bahari aliijua tangu utoto, ila maswali yangekuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kila usiku baada ya isha mimi, wa kidato cha tatu, nilimsomea kanuni za kimataifa za kuzuia meli kugongana, zile za 1972, kisha nikamfasiria. Shangazi alikuwa kwetu tangu Septemba. Daktari alimwambia apumzike mbali na Nairobi. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kitambaa kikifunika jicho la kulia, akichambua mchele kwa vidole.

Tukafika kwenye ishara za honi. Kitabu kilitumia neno moja tu, "blast". Moja fupi, nageuka kulia. Mbili, nageuka kushoto. Tatu, injini zangu zinarudi nyuma. Shuleni nilifundishwa kwamba neno hilo ni mlipuko, na tangu Agosti hata wasiojua Kiingereza walikuwa wakilisema, maana siku ile ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, Nairobi nzima iliiita "bomb blast". Basi nikasoma kwa sauti, nikijivunia ufasaha wangu: "Chombo kikitilia shaka nia ya chombo kingine, kitatoa milipuko mitano au zaidi, mifupi, ya haraka haraka."

Vidole vya shangazi vikasimama ndani ya ungo.

Hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, kisha akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Punje chache za mchele zilikuwa zimenata kwenye kiganja. Nikaziona zikidondoka begani mwake, moja moja. Taa ya chemli ilikuwa ikivuma. Baba alinitazama, akamtazama dada yake, akakifunga kitabu na kidole chake ndani ili ukurasa usipotee.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "hakuna kinacholipuka hapo. Ni mipigo ya honi. Ni kama mbiu, watu wanaitana." Akakunja ngumi mdomoni, akapuliza mara tano, kidogo kidogo, pumzi zaidi kuliko sauti. Kila mpigo wa namna hiyo, alinieleza, ni kama sekunde moja. Ule mrefu ndio hufika nne hadi sita.

Shangazi akashusha mikono. "Kaka, hiyo mitano maana yake nini?"

"Ni kumwambia mwenzio: sielewi unakokwenda, jiangalie."

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Na sisi tulisikia mlio wa kwanza. Tukaenda dirishani kutazama kuna nini."

Hakuongeza neno. Wengi waliopoteza macho Nairobi siku ile ya tarehe 7 walipatwa hivyo. Kishindo kidogo kiliwaita kwenye vioo, kikubwa kikawakuta hapo hapo. Watu 213 walikufa, na waliojeruhiwa ni maelfu. Mlio wa kwanza nao ulikuwa na maana, ila hakuna aliyekuwa amefundishwa kuisoma. Mimi nilibaki na kitabu cha baba magotini, nikitamani nilirudishe neno langu mdomoni.

Baba alifaulu mwaka uliofuata. Shangazi hakurudi Nairobi. Amekuwa Likoni hadi leo.

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba katika Kiingereza cha kale neno lile lilikuwa upepo, mvumo wa upepo, pumzi inayotoka kwa nguvu. Baruti ilikuja nyuma sana. Baba, kwa ngumi yake mdomoni, alikuwa ameifikia asili bila kamusi. Nimetaka mara nyingi kumwambia shangazi, halafu naona haya. Kwake yeye neno lina siku moja tu, na sina hakika kwamba ni haki yangu kumpa nyingine.

Asubuhi ya mwaka mpya nilimpigia simu kumtakia heri. Katikati ya salamu akakatiza, "Ngoja." Nyuma yake nikasikia honi ikilia kutoka kivukoni, meli na feri bila shaka zikipishana mlangoni mwa bandari. Shangazi alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo.

"Moja," akasema. Kisha akangoja. Nami nikangoja naye.