Kumbukumbu ya mradi: Kuyruma, mrithi anayepewa cheo bila mali

Ramani ya Paytani, nchi ya milimani ninayoibuni kwa ajili ya hadithi yangu, imefika mahali pazuri. Mabonde yana majina, njia za lama, wale wanyama wa mizigo, zimechorwa mpaka kwenye chumvi, na najua mahindi yanakomea wapi mlimani na viazi vinaanzia wapi. Kwa hiyo nimeingia kwenye kazi niliyokuwa naisubiri kwa hamu kuliko zote: cheo cha mtawala, Kuyruma. Hadithi haiwezi kusogea mpaka nijue mtu anakuwaje Kuyruma, anarithi nini, na akifa kinabaki kwa nani.

Nilianzia Cusco, mji mkuu wa dola ya Wainka katika milima ya Andes, Amerika Kusini, maana huko mirathi ya ufalme ilikwenda kwa namna yake. Sapa Inka, yaani mfalme wao, alipofariki, mrithi alipata madaraka: jeshi, haki ya kudai zamu za kazi kwa raia, na zile nyuzi nyekundu za sufu zilizoning'inia kwenye paji la uso, maskapaycha, ambazo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzivaa. Mali hakupata. Majumba, mashamba na watumishi vilibaki kuwa vya marehemu, chini ya uangalizi wa panaka, yaani uzao wake wote isipokuwa huyo aliyetawazwa. Maiti ilikaushwa na kuvishwa, ikaletewa chakula na pombe ya mahindi, ikatolewa uwanjani siku za sherehe. Ni kama wakfu ambao mwenye kuuweka bado amekalia kiti chake. Mtawala mpya akitaka mashamba yake mwenyewe, ilimbidi ayafungue upya au akayateke. Wapo watafiti wanaosema hiyo ni sababu mojawapo ya dola ile kupanuka kwa kasi, nami naona hoja yao ina nguvu.

Huenda desturi hii ilikuwa na ndugu yake pwani. Chan Chan, mji mkuu wa Chimor, ufalme wa pwani, karibu na Trujillo ya leo nchini Peru, una maboma makubwa ya udongo, kila moja na ghala zake na jukwaa la maziko. Wengi wanayasoma maboma hayo kuwa kasri za wafalme waliopokezana, kila mmoja akijenga lake na kuacha la baba yake. Nimetazama picha za kuta zile kwa muda mrefu, zile zilizonakshiwa samaki na ndege wa baharini, nikajiuliza kijana aliyetawazwa leo alijisikiaje akipita nje ya boma ambalo si lake tena.

Kilichonishika zaidi ni habari za Huáscar, mmoja wa watawala wa Wainka. Baba yake, Huayna Capac, alifariki mnamo 1527, na ndugu wawili, Huáscar na Atahualpa, wakaingia vitani. Pedro Pizarro, aliyefika na Wahispania, aliandika kwamba Huáscar alichukizwa na wafu na akataka wazikwe, kwa kuwa walikuwa wameshika kila kilicho bora nchini. Hebu fikiria: mfalme anayetawala milima na jangwa, lakini mashamba mazuri yaliyo karibu na mji wake ni ya babu zake, na watoto wa babu hao wanakula kwa jina lao. Kuwagusa wafu ni kuzigusa koo zote kubwa za mji. Hapo ndipo nilipoona Kuyruma wangu ni nani.

Sasa uamuzi wenyewe. Alama ya Kuyruma sikuifanya taji wala fimbo, nimeifanya joho. Katika Andes nguo iliyofumwa vizuri ilithaminiwa sana, na Inka alimtunuku mtu kwa nguo, kwa hiyo joho linafaa. Siku ya kutawazwa mrithi anavishwa joho jeupe lisilo na hata mstari. Kila bonde analolifungua, kila mfereji anaouchimba, wafumaji wanaongeza mraba mmoja wa rangi. Akifa anabaki ndani ya joho lake, na kila mraba unabaki kuwa mali yake. Mwanawe anaanza na weupe.

Nimelichora joho la Kuyruma mzee kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Pindo la chini limejaa: njano ya mahindi, kahawia ya viazi, bluu mbili za mifereji. Begani kuna mraba mmoja mwekundu, bonde alilolichukua kwa vita, na nimeuweka pale ili kila anayezungumza naye akiwa ameinamisha kichwa auone kwanza akiinua macho. Nimeazima pia desturi moja ya kweli: aliyeingia kwa Sapa Inka, hata akiwa mkubwa, alivua viatu na kubeba mzigo mgongoni. Paytani mzigo huo ni fundo la sufu ghafi, kwa kuwa kila mgeni anachangia joho.

Swali gumu lilikuwa hili: nani anaidhinisha mrithi avishwe, iwapo wenye mali wote ni wafu? Jibu nimelipata kando ya ziwa Titicaca. Walupaqa, watu wa huko, walikuwa na watawala wawili kwa pamoja, mmoja wa nusu ya juu na mmoja wa nusu ya chini. Ukaguzi wa Wahispania wa mwaka 1567 huko Chucuito uliwakuta wawili hao, Martín Cari na Martín Cusi, wakihojiwa kila mmoja kwa upande wake. Basi Paytani ina Kuyruma wa Juu na Kuyruma wa Chini, na ni aliye hai ndiye anayeidhinisha mwenzake mpya avishwe. Akikataa, kiti kinakaa wazi, na ukoo wa marehemu unafaidi kila siku inayopita. Napenda sana jambo hili, kwa sababu uchelewaji unakuwa silaha bila mtu kushika mkuki.

Nimeshaandika kipande cha kutawazwa. Mrithi ni msichana, na aliyeshika joho ni bibi mfumaji aliyemlea:

"Nyoosha mabega, mjukuu wangu. Ukijikunja, kola itakaa upande."

"Bibi, ni zito."

"Ni jepesi hili. La baba yako nilikuwa silinyanyui peke yangu." Akafunga pini, akarudi nyuma hatua mbili, akainama mpaka paji likagusa jiwe. "Kuyruma, watu wako wanasubiri chakula."

Kutoka hapo bibi hamwiti tena mjukuu mbele ya watu, na nimeanza kupitia sura za nyuma kuhakikisha hakuna anayekosea heshima hiyo bila sababu.

Kazi inayofuata ni hesabu. Wainka waliwapanga raia kwa makumi: chunka kaya 10, pachaka 100, waranqa 1,000, hunu 10,000, na kumbukumbu zikawekwa kwenye mafundo ya khipu, yaani kamba za kutunzia hesabu. Ninataka kujua ni kaya ngapi za Paytani zinawatumikia wafu na ngapi zimebaki kwa walio hai. Nikishapata uwiano huo nitajua msichana huyu ana miaka mingapi kabla ghala zake hazijakauka, na sura ya soko la chumvi itaandikwa kwa kufuata hesabu hiyo.