Siku moja maishani mwetu: mchezo wa kuigiza wa bure barabarani, Jinja, Uganda

Saa 12 asubuhi. Barabara ingali tupu. Tunafagia changarawe na vipande vya chupa, kisha tunatafuta ukuta. Ukuta ulio nyuma ya waigizaji husukuma sauti mbele. Kwenye njia panda maneno huliwa na upepo. La pili ni jua. Tunacheza saa 10 jioni, na Jinja iko karibu na ikweta, hivyo saa hizo jua liko magharibi mwaka mzima. Watazamaji waligeuzie jua mgongo. Mwigizaji akikunja macho si neno. Mtazamaji anayepigwa jua usoni huondoka, maana hakuna tiketi inayomshika.

Saa 2. Polisi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, walishapelekewa barua. Leo tunabeba nakala tu. Anayesahaulika mara nyingi ni mwenyekiti wa steji ya boda boda. “Mzee, habari za asubuhi? Tunaomba pikipiki zisogee hadi pale konani, saa 9 mpaka 11.” Injini moja ikiwashwa wakati wa maneno ya chini, yote yamepotea. Lakini wasihamishwe mbali: vijana wa steji hufika wa kwanza na kuwaita wenzao.

Saa 4, duara. Mmoja anashika kamba ya mita 4 katikati, mwenzake anazunguka akimwaga chokaa. Kipenyo cha mita 8 kinawatosha waigizaji 6 na ngoma 2. Ukingoni tunatandika mikeka ya watoto, nyuma yao mabenchi ya kuazima, nyuma kabisa wanaosimama. Bila mikeka watoto husimama, wakubwa husogea ili waone, na duara la mita 8 hubaki la mita 3 kabla mchezo haujakolea. Hakuna kinachoharibu michezo ya barabarani kuliko hiki. Kamba ya kuzuia haisaidii, watu huisukuma. Mtoto aliyeketi hasukumwi.

Saa 6 ni posho, yaani ugali, na maharage, na kukagua mironjo, ile miti mirefu ya kutembelea: mikanda, nyufa za mti, mpira wa tairi chini.

Saa 8 wingu hutanda juu ya ziwa. Unyevu hulegeza ngozi ya ngoma, na mlio huwa mzito. Tunaikausha kwa moto mdogo wa majani makavu ya mgomba, tukiizungusha bila kuisogeza karibu; ngozi ikipata joto ghafla hupasuka.

Saa 9 na nusu, msafara kutoka sokoni, dakika 20 tu. Ukizidi, watu huchoka kabla hawajaona kitu.

Saa 10, mchezo: dakika 40. Mbele yetu kuna wa Kisoga, wa Kiganda na wa Kiswahili, basi jambo lenye uzito husemwa kwa lugha mbili na kuonyeshwa kwa mwili. Kundi la kusafiri la Chuo Kikuu cha Makerere lilishacheza bure kwa lugha kadhaa katika miaka ya 1960. Mlevi akiingia duarani hasukumwi nje. Mmoja wetu humwambia, “Mzee wangu, njoo ukae na sisi,” akamshika mkono hadi benchini. Kofia ya michango haipiti kamwe. Tumesema bure, iwe bure.

Saa 11 watu husema waliyoyaona, na akina mama wauza matunda ndio hutukosoa vizuri zaidi. Giza huingia saa 1, hivyo kufikia saa 12 chokaa imemwagiwa maji na mabenchi yamerudi kwa wenyewe, yamepanguswa.