Mstari Uliopita Nyuma ya Uzio Wangu

Nyumba yangu imeingia ndani ya mpaka wa mpango wa kuliendeleza upya jiji. Nililijua jambo hilo katika mkutano wa hadhara, ramani ilipobandikwa ukutani na kila mmoja wetu akasogea kuitafuta nyumba yake kwa kidole. Yangu sikuitafuta sana, kwa kuwa mstari mwekundu ulipita nyuma ya uzio wangu, ukanikumbatia mimi na kumwacha nje jirani wa upande wa pili. Tangu siku ile nimesoma kila waraka uliotolewa kuhusu mpango huo. Naandika leo kwa sababu kuna jambo ambalo halikupata nafasi mkutanoni, nalo ni kwamba mwenye nyumba huanza kupata hasara siku ramani inapotangazwa, muda mrefu kabla tingatinga halijafika.

Hasara hiyo huingia kimya kimya. Benki husita kupokea kama dhamana nyumba inayoweza kubomolewa baada ya miaka mitatu, au kumi na mitano, au isibomolewe kabisa. Mnunuzi aliyekwisha kuafikiana bei huomba muda wa kufikiri, na hasikiki tena. Mpangaji, ambaye hana sababu ya kungoja kuhamishwa kwa haraka, hutafuta makazi kwingine mapema, na anayekuja baada yake hutaka kodi ipunguzwe kwa kuwa hana hakika atakaa muda gani. Ombi la kibali cha kuongeza chumba hukaa mezani. Kisha paa linaanza kuvuja, na mwenye nyumba hujiuliza iwapo ni busara kutia akiba yake katika jengo ambalo huenda likawa kifusi. Akiacha yeye, akaacha na jirani yake, mtaa mzima huchakaa ndani ya miaka michache. Hatimaye mthamini anafika na daftari lake na kuandika kwamba mtaa umechakaa. Hapa ndipo penye uchungu wenyewe: mpango umezaa uchakavu, na sasa uchakavu huohuo unatumika kuuhalalisha mpango na kuipunguza fidia.

Tatizo hili linajulikana na limewahi kutungiwa sheria. Nchini Uingereza, sheria ya mipango miji ya mwaka 1959 ilimpa mwenye nyumba anayeishi humo haki ya kuitaka mamlaka iinunue nyumba yake mapema, iwapo mpango uliotangazwa umemfanya ashindwe kuiuza kwa bei inayostahili. Uthamini hufanywa kana kwamba mpango haukuwapo. Ni haki kusema kwamba kanuni hiyo hukata pande zote mbili, maana mwenye mali hapati pia ile nyongeza ya thamani inayoletwa na mradi wenyewe, na baadhi ya majirani zangu wanaoota bei kubwa kwa sababu ya barabara mpya wangefaa kulifahamu hilo mapema. Mimi ningeikubali kanuni hiyo hata leo. Afadhali kulipwa thamani ya nyumba yangu jinsi ilivyokuwa kuliko kungoja bila kikomo.

Wasiwasi wa pili ni maneno matatu ambayo yamerudiwa katika kila ukurasa wa mpango: manufaa ya umma. Sipingi kwamba jiji lina haki ya kutwaa ardhi kwa ajili ya barabara, bomba la maji au shule. Ninachohofia ni ardhi kuhama kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine mwenye mtaji mkubwa zaidi, kwa ahadi ya ajira na kodi. Huko Detroit, nchini Marekani, mwaka 1981 mtaa wa Poletown ulibomolewa ili kuipisha General Motors ijenge kiwanda, na zaidi ya watu 4,000 wakahamishwa. Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan iliuruhusu utwaaji huo, kisha mwaka 2004, katika shauri jingine, mahakama hiyohiyo ikaitupilia mbali hoja iliyokuwa imeitumia. Waliohamishwa hawakuwa na pa kurudi.

Mwaka uliofuata ukaja uamuzi ambao wamiliki wa nyumba nchini humo hawajausahau. Susette Kelo na majirani zake katika mji wa New London walikataa kuondoka ili kupisha mpango ulioambatana na kituo cha utafiti cha kampuni ya dawa ya Pfizer. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2005, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kukuza uchumi wa mji kunatosha kuitwa matumizi ya umma. Nyumba zikaondolewa. Mwaka 2009 Pfizer ilitangaza kwamba inaondoka New London, na viwanja vile vilivyosafishwa kwa gharama ya machozi vikabaki vitupu miaka mingi, vikiota majani. Kila ninaposoma katika mpango wetu kwamba mwekezaji "anatarajiwa", nafikiria majani hayo.

Ipo njia nyingine, na inanishangaza kwamba haikutajwa mkutanoni. Wamiliki wa eneo huunganisha viwanja vyao, kila mmoja akatoa sehemu kwa ajili ya barabara na huduma, kisha hurudishiwa kiwanja kidogo zaidi lakini chenye thamani kubwa zaidi, palepale. Jiji la Frankfurt lilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1902, na Tokyo iliitumia njia hii kwa upana ilipojengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Haina wepesi. Mwenye kiwanja kidogo anaweza kujikuta hana tena pa kujenga, na mpangaji halindwi nayo hata kidogo, jambo ambalo sisi wenye nyumba hatuna budi kulisema hata kama halituhusu moja kwa moja. Lakini mmiliki hubaki mshiriki.

Nimeiandikia ofisi ya mipango barua yenye maombi matatu: tarehe ambayo mpango utakufa wenyewe iwapo kazi haijaanza, uthamini unaohesabu hali ya nyumba siku ya tangazo, na uthibitisho kwamba fedha za fidia zimetengwa kabla ya notisi yoyote ya kuhama. Nimepiga picha kila chumba, nimeweka stakabadhi zote katika faili moja, na hati miliki nimeitolea nakala. Fundi naye ameanza jana kulitengeneza paa.