Siku moja maishani mwangu: fundi wa kebo, Mtwara mjini

Saa 12:00 asubuhi. Chai, mihogo, ngazi juu ya bajaji.

Saa 2:00 niko Chikongola, tawi la mwembe limekata waya. Saa 4:00 Shangani, kiunganishi kimeliwa na kutu kwa chumvi ya bahari. Nimekata, nimefunga kipya. Kazi hizi ndizo watu wanazoziona, ndiyo maana wanatuita vijana wa waya.

Saa 5:20, gesti ya mzee mmoja. Msimu wa korosho umefunguliwa, vyumba vimejaa, na simu yake ya mapokezi inayopita kwenye intaneti inakatakata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Badilisha modemu."

Wenzangu walishakuja mara mbili, wakapima waya, wakaondoka. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nikapima tena: mawimbi safi kabisa. Nikamuuliza, "Wewe unawasikia wanaokupigia?"

"Nawasikia vizuri. Wao ndio hawanisikii."

Hapo nikajua. Data inayoingia kwa mteja huchambuliwa na mtambo wetu kituoni, lakini inayotoka huchambuliwa na modemu yenyewe. Modemu ina sheria zake, na kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inakaguliwa: imetoka anwani gani, inapita mlango (port) namba ngapi, imebeba alama gani. Inaanza na sheria yenye kipaumbele cha juu. Pakiti ikilingana nayo, inaingia kwenye mkondo uliotengwa. Isipolingana na sheria yoyote, inaangukia mkondo mkuu pamoja na mengine yote. Utaratibu huu uliletwa na DOCSIS 1.1, toleo la kiwango cha intaneti ya kebo, mwaka 1999.

Mkondo wa sauti hupewa nafasi ya kutuma bila kuomba, mara nyingi kila milisekunde 20. Mkondo mkuu huomba, husubiri zamu, ndipo hutuma. Mzee alikuwa amenunua kisanduku kipya cha simu kinachotumia milango mingine, na sheria bado inatafuta ile ya zamani. Sauti yake ikawa inapanga foleni na video za wageni.

"Mzee, ni kama ghalani. Mchambuzi kaambiwa magunia yenye alama fulani yapite mbele. Wewe umebadilisha alama, hajaambiwa."

Akafikiri kidogo. "Sasa si umwambie?"

Kumwambia kunahitaji mtu wa kituoni abadilishe faili la mipangilio. Nikapiga, nikaambiwa subiri. Nikapiga tena, anayehusika katoka. Jua limewaka, betri ya simu inakwisha, mzee kavuta kiti kaketi mbele yangu, na kila baada ya muda anarudia, "Ungebadilisha modemu ungeshamaliza." Ningeibadilisha, mpya ingepakua faili lilelile na sauti ingekatika vilevile. Nilimweleza hivyo mara nne. Sikumpandishia sauti hata mara moja, na hilo najivunia kuliko kupanda nguzo.

Sijui ilikuwa saa 9 au 10 nilipopigiwa: faili tayari. Nikazima modemu, nikawasha. Taa zikapepesa, ikapakua faili, ikajisajili.

Mzee akampigia nduguye Newala. "Unanisikia?" Akanyamaza. "Nihesabie vidole... eeh, nimesema vitano!" Akaweka simu chini taratibu, akamwita mpishi aniletee wali na samaki.

Nilikula harakaharaka. Mikindani walikuwa wananingoja tangu saa 8.