Mamilioni niliyohesabiwa na majirani, na pesa ambazo YouTube na bizari vilinipa kweli

Kuna hesabu moja ambayo kila mtu mtaani kwetu Majengo, Mombasa, anaijua bila kufundishwa. Mtu huchukua idadi ya mara ambazo video yako imetazamwa, akaizidisha kwa bei aliyoisikia kwa kinyozi, kisha akakukabidhi utajiri ambao wewe mwenyewe hujawahi kuuona. Mimi naonyesha mapishi ya pwani kwenye YouTube, na kwa hesabu hiyo nimekwisha kuwa na nyumba mbili za kupangisha Nyali. Naandika haya kwa sababu chaneli yangu sasa inanilipa vizuri, lakini njia iliyonifikisha hapa haifanani hata kidogo na ile niliyoelekezwa na wajuzi, akiwamo yule niliyemlipa.

Kisa kilichonichosha zaidi kilihusu kipande kifupi cha chini ya dakika moja, kinachoonyesha mikono yangu ikigeuza chapati za kusukuma. Kilitazamwa karibu mara milioni moja. Mdogo wa mume wangu aliingia kwenye tovuti ya Social Blade, ambayo hukadiria mapato ya chaneli za watu bila kuficha kwamba ni makadirio tu, na ambayo kwa muda mrefu imetumia kipimo cha kuanzia senti 25 za dola hadi dola 4 kwa kila mara elfu moja za kutazamwa. Kwa kipimo hicho, mara milioni moja huwa ni dola 250 au dola 4,000, yaani cha juu ni mara kumi na sita ya cha chini. Hakuna fundi mwenye akili anayeweza kupiga bei ya namna hiyo akapewa kazi, lakini shemeji yangu hakujali, alichukua ile 4,000, akaigeuza kuwa shilingi, akaja kuniambia, "Shemeji, umekuwa mtu mkubwa na sisi umetuficha." Kipande kile kiliniletea pesa ambazo hazikufika dola 40.

Sababu inaeleweka ukiwa ndani. Katika video ndefu, YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaliyowekwa kwenye video yake. Katika vipande vifupi, tangu Februari 2023, pesa za matangazo hukusanywa kwenye mfuko mmoja, hugawanywa kufuatana na namna kila mtu alivyotazamwa, muziki ukitumika nao hula fungu lake, kisha mwenye kipande hupata asilimia 45 ya kilichomwangukia. Mtu anayepepesa vidole juu ya skrini akipita chapati, paka na ajali za bodaboda hamfaidishi sana mwenye kutangaza biashara, na bei yake huonyesha hivyo. Vipande vifupi bado navitoa, kwa sababu huwaleta wageni mlangoni. Sivihesabu katika chakula cha watoto.

Yule niliyemlipa alikuwa kijana aliyejitambulisha kuwa mshauri wa waundaji maudhui, na ada yake ingetosha kununua mtungi mkubwa wa gesi na masalio yakabaki. Alinipa mashauri matatu. La kwanza lilikuwa nitie wimbo unaovuma chini ya sauti yangu, na matokeo yake ni kwamba mfumo wa YouTube uliutambua wimbo siku ile ile, na mapato ya video ya biriani niliyoipika tangu alfajiri yakaelekezwa kwa wenye wimbo. La pili lilikuwa nivute maneno hadi video ipite dakika 8, kwa kuwa kuanzia hapo ndipo mtu huruhusiwa kuweka matangazo katikati. Dakika 8 ni kweli, lakini watu hawaji kwangu kusikiliza hadithi za utoto wangu. Mimi niliunganisha kaimati na shira yake katika video moja, na kwa kuwa unga wa kaimati ukitaka kuumuka hauharakishwi na mtu, dakika zilijaa zenyewe.

Shauri la tatu ndilo ninalopenda kulisimulia. Alisema nimwige MrBeast, yaani Jimmy Donaldson, yule kijana wa North Carolina anayegawa magari na nyumba mbele ya kamera. Alitaka nisimame kwenye soko la Marikiti nikagawe noti za elfu moja kwa wapita njia, huku yeye akinipiga picha, kwa sababu eti pesa huvutwa na pesa. Noti za kugawa sikuwa nazo, kwa hiyo nikazipunguza zikawa kaimati. Nilikaanga tangu asubuhi, nikapanga sinia mbili zinazong'aa kwa shira, nikatia baibui langu jipya, nikaenda kusimama karibu na wauza viungo na bango lililosema kwamba kila atakayejiunga na chaneli atakula bure.

Watu wa Mombasa ni wastaarabu. Walikula kwa adabu, wakashukuru, wakaniombea dua, na simu zao zikabaki mifukoni. Mzee mmoja alikula tano, akafuta vidole kwa leso yake, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na kahawa je?" Mchukuzi wa mizigo aliniambia kwamba simu yake ni ya kitochi, lakini kama shida yangu ni majina, yeye yuko tayari kuniandikia lake kwenye karatasi. Wauza viungo walikasirika kwa sababu umati uliziba vibanda vyao, na ili kuwatuliza ikabidi ninunue iliki na mdalasini kwa bei ambayo siku nyingine ningeicheka. Sinia zilirudi tupu. Idadi ya wafuasi ilipanda kwa watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa mshauri mwenyewe, ambaye kumbe siku zote hizo hakuwa amejiunga.

Hata hivyo, jina la MrBeast lilinifaa, kwa kuwa nilitaka kujua anazipata wapi hizo pesa za kugawa. Jarida la Forbes lilikadiria mapato yake kuwa dola milioni 54 kwa mwaka 2021, na katika orodha yake ya 2024 ya waundaji maudhui wanaopata pesa nyingi zaidi likaandika milioni 85. Wengi huishia hapo. Mwaka 2025, shirika la habari la Bloomberg liliandika kutokana na nyaraka za kampuni yake kwamba upande wa video, ambao ndio unaotazamwa na dunia nzima, ulipata hasara ya karibu dola milioni 80 mwaka 2024, ilhali chokoleti zake za Feastables, alizozianzisha 2022, ziliuza bidhaa za takriban milioni 250 na kuleta faida ya zaidi ya milioni 20. Nikamkumbuka na yule mtoto wa Marekani, Ryan Kaji, anayeonyesha vitu vya kuchezea kwenye YouTube, ambaye Forbes ilimweka kileleni mwa wenye chaneli wanaolipwa zaidi mwaka 2018 kwa dola milioni 22. Mwaka huo huo vitu vya kuchezea vyenye jina lake vilianza kuuzwa katika maduka ya Walmart. Khaby Lame naye, mzaliwa wa Senegal aliyepoteza kazi ya kiwandani Italia mwaka 2020, hakutajirishwa na idadi ya wafuasi wa TikTok, bali na mikataba ya kampuni kama ile ya mavazi ya Hugo Boss. Hawa wote video kwao ni mlango wa duka. Majirani zangu walikuwa wakihesabu wanaopita mlangoni na kudhani wamehesabu mauzo.

Basi nikaanza kuutazama mlango wangu mwenyewe. Katika takwimu za chaneli kuna sehemu inayoonyesha watazamaji wako nchi gani na kila nchi imeleta pesa ngapi, na nashangaa ni watu wachache kiasi gani wanaoifungua. Watazamaji wangu wengi walikuwa wa Kenya na Tanzania, na mara elfu moja za kutazamwa huku kwetu mara nyingi zilinipa chini ya dola moja. Kikundi kidogo cha watu wa Uingereza, Kanada, Omani na Falme za Kiarabu kilikuwa kinanilipa mara kadhaa ya hapo, kwa sababu wenye kutangaza huko hushindania watazamaji kwa bei kubwa. Hao ni watoto wetu walioolewa Maskati, wauguzi walioko Leicester, madereva wa Toronto. Katika maoni yao walikuwa wakilalamika jambo lile lile: mapishi yangu ni mazuri, lakini wao hawana mbuzi ya kukunia nazi, hawana jiko la makaa, na ukisema "tia unga kiasi" hawajui kiasi ni kipi.

Hapo ndipo nilipopata ujanja ambao hakuna mshauri aliyeniuzia. Nilichukua mkate wa sinia, ambao kwetu hupikwa kwa kupaliwa makaa chini na juu, nikaupika kama ambavyo mtu wa ghorofa ya nne huko London angelazimika kuupika. Niliazima jiko la umeme lenye oveni. Nilinunua nazi ya kopo dukani, jambo lililomfanya shangazi yangu aniulize mbele ya wageni kama minazi ya Kilifi imekwisha kukauka. Mchele wa basmati niliuloweka usiku kucha, nikausaga kwa blenda pamoja na tui, hamira, sukari na iliki, na kila kitu nikakipima kwa kikombe na kwa gramu. Mkate wa kwanza ulikaa kama tofali, kwa sababu tui la kopo ni zito kuliko tui letu la pili na hamira haikupata nafasi ya kupumua. Nilipolipunguza kwa maji vuguvugu, ulitoka na vitundu vyake vyote, na juu nikauachia moto wa oveni wa upande wa juu peke yake kwa dakika za mwisho hadi ukapata rangi. Mkate ule wa tofali niliuacha kwenye video. Watu wa ughaibuni walinishukuru zaidi kwa huo kuliko kwa ule uliofaulu, maana wote walikuwa wameshaupika.

Video niliitoa mwezi wa Shaabani, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, na kichwa chake kilitaja oveni na nazi ya kopo, kwa kuwa ndiyo maneno ambayo mtu wa huko huyaandika anapotafuta. Haikufikia hata sehemu ya kumi ya kile kipande cha chapati kwa kutazamwa, lakini ilileta pesa nyingi kuliko video zangu zote za miezi iliyotangulia. Tangu hapo kila pishi nalipika kwa njia mbili, ya jikoni kwetu na ya jikoni kwao. Mapato hushuka Januari, baada ya matangazo ya mwisho wa mwaka kwisha, kwa hiyo anayeanza asiuhukumu mwaka wake kwa mwezi huo.

Kodi nayo inataka macho. Tangu Juni 2021, mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko hata kama wewe uko Mombasa. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo sisi hukatwa asilimia 30 ya sehemu hiyo, na mtu asiyejaza fomu ya kodi anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Watazamaji wa Toronto na Maskati hawamo katika makato hayo, nami huwapenda kwa namna ya pekee. Pesa zenyewe hutoka zikifika dola 100, huingia benki baada ya tarehe 21 ya mwezi unaofuata, na benki hujichukulia chake.

Lakini kinachonilipia karo ni bizari. Watu waliponiuliza mara kwa mara mchanganyiko wangu wa pilau, nilianza kuufunga katika pakiti na kuutaja mara moja tu katika kila video, pale ninapoutia sufuriani. Malipo hupokewa kwa M-Pesa, mizigo ya Nairobi hupanda mabasi ya usiku, na kuna kina mama wa Maskati ambao kila mgeni anayekwenda kwao humfanya mchukuzi. Miezi mingine bizari huleta mara mbili ya matangazo, na miezi mibaya huyafikia tu.

Mwaka jana kampuni moja ya mafuta ya kupikia ilitaka niyatumie mafuta yake katika video za futari, na ikapendekeza kunilipa kwa katoni za mafuta. Niliwaandikia kwamba shule ya wanangu haipokei mafuta, nikawapelekea takwimu za nchi za watazamaji badala ya idadi ya wafuasi, wakatoa fedha, wakakata ile kodi ya asilimia 5 inayotakiwa na sheria ya fedha ya Kenya ya 2023. Safari hii nimewaandikia mapema, tangu mwezi wa Rajabu, nikitaka nusu ya malipo kabla sufuria haijapanda jikoni. Nusu hiyo wameikubali. Tunachobishania sasa ni chupa yao, ambayo wanataka ionekane mezani hata ninapopika uji.