Mlo wa Mwisho Ndio Hubebeshwa Lawama

Jumanne, usiku

Nairobi ukisema tumbo limejaa gesi, kila aliye karibu nawe ana ushauri, na ushauri wote huanza na neno moja: acha. Acha maharagwe. Acha kabeji. Githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, usiiguse kabisa. Anayekushauri ana nia njema, wala hajui kwamba aliyemtangulia amekwisha kukuachisha ndengu na viazi vitamu. Ukiwasikiliza wote, baada ya muda unabaki na ugali mtupu.

Jambo hili linaniuma. Huku kwetu Eastlands, maharagwe, ndengu na kunde ndiyo nyama ya watu wengi. Nyama yenyewe hununuliwa robo, tena mshahara ukiingia. Githeri inayochemshwa kando ya barabara jioni, ile ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, hulisha nyumba nzima kwa pesa kidogo. Na si chakula cha kushibisha tu. Protini ya mahindi ina upungufu wake, na maharagwe huuziba. Protini ya maharagwe nayo ina upungufu ambao mahindi huuziba. Kumwambia mzazi aache chakula hicho bila kumwambia atapika nini badala yake ni kumpokonya sahani mkononi.

Ninayoyaandika hapa nimeyasoma kwa muda mrefu, maana tumbo langu lenyewe si jepesi.

Maharagwe yana sukari za aina yake, rafinosi na stakiosi. Binadamu yeyote, awe wa Murang'a, Kisumu au Lamu, hana kimeng'enya, yaani kile kitu cha mwili kinachosaga chakula, cha kuzikata. Basi hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima mpaka utumbo mpana, na huko kuna bakteria wasiohesabika wanaozingojea. Wao huzichachusha, na kuchachuka huko hutoa gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Gesi hizo hazina harufu hata kidogo. Harufu inayotuaibisha hutoka kwa gesi nyingine chache sana zenye salfa. Mtu mzima mwenye afya njema hutoa gesi ya nusu lita mpaka lita moja na nusu hivi kwa siku, na kutoa upepo mara 10 mpaka 20 ni kawaida kabisa. Kwa hiyo gesi yenyewe si ugonjwa. Ni dalili kwamba bakteria wako wapo kazini.

Kitu kimoja kilinishangaza nilipokisoma mara ya kwanza: seli za mwili wetu hazitengenezi haidrojeni. Yote iliyomo tumboni ni ya bakteria. Sehemu yake hupenya ikaingia kwenye damu, ikafika mapafuni, tukaipumua nje. Ndiyo maana kuna kipimo ambacho mgonjwa hunyweshwa sukari fulani, kisha anapuliza kwenye kifaa kila baada ya muda. Haidrojeni ikipanda, daktari anajua ile sukari haikusagwa ilipopaswa kusagwa.

Lakini ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu kwa watu wote wanaoachishwa vyakula mjini hapa, ningewaambia watazame saa.

Chakula hakifiki utumbo mpana mara tu unapokimeza. Huchukua saa 4 mpaka 6 hivi, wakati mwingine zaidi. Maharagwe uliyokula saa saba mchana huanza kuchachushwa jioni, ukiwa kwenye matatu Jogoo Road, foleni haisogei, umejikunja kwenye kiti na unajibana kwa kuwaheshimu walio karibu nawe. Unafika nyumbani mkanda tayari umekaza. Unaketi, unakula wali na sukuma wiki, na kabla hujanawa mikono tumbo limefura. Lawama inaiangukia sukuma. Ukweli ni kwamba kula kwenyewe huuamsha utumbo mpana uanze kusukuma kilichokuwemo tangu mchana, na gesi iliyokuwa imetulia inaanza kusafiri. Mlo wa mwisho huwa umefumaniwa tu mahali pa tukio.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa makamo, ananiita mwanangu tangu nilipohamia Donholm. Ameacha maharagwe, ameacha kabeji, ameacha ndengu, ameacha mayai pia, sijui nani alimwambia mayai. Na tumbo bado linafura. Leo jioni nimeketi naye nikamwuliza.

"Mama, linaanza saa ngapi?"

Akafikiri. "Mchana, mwanangu. Saa sita, saa saba. Jioni linazidi."

"Na asubuhi unakula nini?"

"Asubuhi sili. Nakunywa chai tu, na mandazi. Saa nne tena nikipata chai, nakunywa."

Chai ya maziwa, ile ya Nairobi, nusu maziwa nusu maji, kikombe kikubwa. Hakuna hata mmoja aliyemgusia chai, kwa sababu mjini hapa chai haihesabiwi kuwa chakula. Watu wamepekua sahani yake yote na kikombe wakakiacha. Kama maharagwe yameondoka na uvimbe umebaki, basi maharagwe hayakuwa mkosaji, au hayakuwa peke yake. Hilo lingetosha kumrudishia chakula chake.

Sisemi kwa hakika kwamba ni maziwa. Nasema hayajawahi kuulizwa. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi, na kwa watu wazima walio wengi duniani, kama theluthi mbili hivi, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Wapo ambao hakipungui. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zina mabadiliko yao ya jeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na si yale yale ya Wazungu. Yalizuka huku huku Afrika. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa kutoka birika moja, mmoja akaenda zake salama, mwingine akashinda akiunguruma. Maziwa lala huwa mepesi kidogo kwa wengi, kwa sababu bakteria wa kuyagandisha wamekwisha kula sehemu ya ile laktosi.

Na mandazi nayo ni ngano. Ngano, vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani, sukari nyingine ambazo nazo huchachushwa kule kule kwenye utumbo mpana. Ukila chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, kibandani, vitunguu vimekaangwa vya kutosha, umekusanya fruktani na stakiosi kwenye sahani moja, halafu ukashushia soda. Gesi ya soda kwa kawaida hupanda na kutoka kwa mbweu, pamoja na hewa unayomeza ukila haraka ukiwa umesimama. Hiyo ni ya juu. Ya chini itakuja baadaye, na chanzo chake ni kingine. Ni vizuri kuzitenganisha hizi mbili, maana dawa ya moja haiisaidii nyingine.

Kwangu maharagwe hayatoki jikoni. Nimelelewa Mombasa kwa mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ya Jumapili, na mama yangu hakupika mbaazi zisizolala kwenye maji. Usiku nayachambua, nayaosha, nayaloweka kwenye sufuria pana kwa maji mengi. Alfajiri yamefura karibu mara mbili, ngozi iliyokuwa imekunjamana imenyooka tena, na maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi, yana povu jembamba pembeni. Yale maji ndiyo ya kumwaga. Sehemu ya zile sukari imeyeyuka humo. Nasuuza, natia maji mapya, nachemsha mpaka yabonyee kabisa katikati ya vidole, maana maharagwe ya kuiva nusu ni mateso kwa tumbo.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu la haki. Maji yenyewe hayapo. Mtaa wetu una siku za mgao, na mfereji ukikauka tunanunua kwa mtungi wa lita 20, tena tunaupandisha ngazi. Nani atamwaga maji aliyoyanunua? Mimi siyamwagi bure. Yanaingia kwenye ndoo ya choo, au yanapiga deki baraza. Na maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi zaidi, kwa hiyo unachokitoa kwenye maji unakipata kwenye makaa. Kwa anayenunua githeri tayari imechemshwa, hana namna ya kujua kama ililowekwa. Amwulize tu muuzaji. Wengi husema ukweli, na wateja wakiuliza kila siku huenda wakaanza kuloweka.

Magadi nayatumia mara chache. Chumvi hii ya Ziwa Magadi hulainisha maharagwe haraka, lakini ikizidi huharibu vitamini B1, na ladha inakuwa ya sabuni. Maharagwe ya manjano wauzaji wa Marikiti huyasifu kwamba hayana gesi. Mimi huyaona mepesi kwangu, ila bei yake iko juu, na maharagwe ya nyayo yaliyolowekwa vizuri hayajanishinda.

Aliyekaa muda mrefu bila kula maharagwe asianze na sahani iliyojaa. Aanze na kijiko kikubwa kimoja pembeni ya wali, siku chache kwa wiki, aongeze taratibu. Bakteria wa tumboni hubadilika kufuata unachowalisha, na watu wengi huona gesi inapungua baada ya wiki kadhaa za kula mfululizo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, ndio waliotengeneza utaratibu wa kupunguza sukari zinazochachuka, unaotumiwa sasa duniani kwa wenye tumbo la kusumbua. Watu wamechukua nusu yake tu. Wanajua orodha ya vya kuacha, hawajui kwamba kuacha ni kwa wiki 2 mpaka 6 tu, kisha unarudisha chakula kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, ukiangalia kipi hasa kinakukataa. Lengo ni kula vingi kadiri inavyowezekana. Ningependa sana sehemu hiyo ya kurudisha ndiyo ipate umaarufu.

Na kuna matumbo yanayofura bila gesi kuzidi. Watafiti wamepiga picha wakakuta kwa baadhi ya watu kiasi cha gesi ni kile kile, ila kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hushuka na misuli ya tumbo hulegea, tumbo likasukumwa mbele. Wengine neva za utumbo wao ni nyepesi kuhisi, na gesi ya kawaida inawaumiza kwelikweli. Kutopata choo vizuri nako huizuia gesi isipite. Watu hawa hawajifanyi, na hakuna chakula cha kuwanyang'anya kitakachowaponya.

Nimempa jirani yangu daftari dogo. Aandike saa aliyokula, alichokula na kunywa, na saa tumbo lilipoanza. Chai nayo iandikwe.

Ila kuna jambo limenikalia moyoni zaidi ya gesi. Mama huyu amekonda. Mkanda wa saa yake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na bado saa inamzunguka mkononi. Anasema ni kwa sababu hali vizuri, na pengine ni kweli. Mtu aliyeachishwa mayai na maharagwe atanenepea wapi? Hapo ndipo kuacha kila kitu kunapokuwa hatari. Kupungua uzito bila sababu ni ishara ambayo daktari huitazama kwa makini, na sasa sababu ipo, imeifunika ishara. Hatuwezi kujua kwa macho.

Tumbo kufura karibu kila siku kwa wiki 3 au zaidi, kushiba baada ya matonge machache, damu kwenye choo, kutapika, kupungukiwa damu, choo kubadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50: haya si ya kutibiwa kwa tangawizi wala kwa unga wa gesi wa dukani. Kwa mwanamke wa umri wake, kufura kusikoondoka kunaweza kuwa dalili ya saratani ya ovari, ambayo huanza kimya na hufananishwa na gesi mpaka imechelewa. Inaweza pia kuwa kimelea cha giardia kutoka kwa maji machafu, au bakteria wa pailori tumboni, vitu ambavyo kipimo cha choo huvibaini na dawa huvimaliza. Mara nyingi inakuwa jambo dogo. Nimemwambia hivyo, kwa sababu niliona uso wake ukibadilika.

"Kwa hiyo unataka nipigwe picha?"

"Nataka upimwe choo, damu, na picha ya ultrasaundi kama daktari ataona haja, mama. Tukijua ni maziwa, tutafurahi tule githeri."

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini mpaka saa sita. Tutatoka mapema, kabla foleni ya kliniki haijarefuka, na daftari nimemwambia alibebe, hata kama litakuwa na kurasa mbili tu.